Aliyeitika Badala ya Mama

Kuna sabuni moja nyekundu, yenye harufu ya hospitali, ambayo sijainunua hata mara moja tangu niwe na nyumba yangu mwenyewe. Si kwamba ni mbaya. Inatakatisha, haiishi upesi, na wenye maduka huisifia. Lakini wiki iliyopita jirani yangu aliyehamia karibuni alifua shuka zake uani, upepo ukaileta harufu ile mpaka mezani nilipokuwa nimekaa na kazi yangu, na kabla sijatambua ninachokinusa nilikuwa nimeshabana midomo. Sikuziba pua. Niliziba mdomo. Nilikaa hivyo, mtu mzima na akili zangu, kama mtoto aliyeonywa kwamba akiita atajibiwa.

Hofu hiyo niliiokota Nachingwea.

Tulihamia huko tukitokea Mandawa, baba, mama na mimi, baada ya baba kupata kazi ya kuendesha trekta kwenye mashamba ya karanga. Mliokuwa watoto wakati ule hamhitaji kuelezwa. Mnayakumbuka matrekta yaliyokwenda sambamba yakiburuta mnyororo katikati yao, na miti ikilala chini kama nyasi. Mnalikumbuka vumbi jekundu lililoingia hata kwenye ugali. Ninachokumbuka zaidi mimi ni ukimya uliofuata kila mti mkubwa ulipoanguka, ukimya mfupi kama wa mtu aliyeshtuka, kisha mashine zikaendelea kunguruma. Kule Mandawa kila sauti ilikuwa na mwenyewe: huyu ni jogoo wa fulani, yule anayekohoa ni fulani. Hapa sauti zilikuwa nyingi kuliko wenyewe.

Tulikaa kwenye laini, yaani zile nyumba ndefu za bati zilizogawanywa vyumba vya wafanyakazi. Mbele ya laini yetu palikuwa na bomba la maji na sakafu ya saruji ya kufulia. Chumba cha mwisho, kilicho karibu kabisa na bomba, kilikuwa kitupu mpaka alipokuja Nesi Felista.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, Mmakua wa upande wa Masasi, aliyefundishwa kazi na wamisheni. Hakuwa na mume wala mtoto, jambo ambalo wanawake wa laini walilijadili mpaka likachakaa. Asubuhi alikwenda hospitali amevaa gauni jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa hata ungedhani lingeweza kusimama lenyewe. Alasiri alirudi, akalivua, akajifunga kaniki, akalifua pale bombani kwa sabuni nyekundu. Alilifua kama mtu anayetafuta kitu ndani ya nguo. Na alipofua, aliimba.

Hazikuwa nyimbo za ngoma, wala za kanisani. Yalikuwa mashairi, na aliyatunga mwenyewe, ingawa hilo nililijua baadaye. Sauti yake ilikaa chini, haipandi, kama mtu anayemsimulia mgonjwa bila kutaka kumwamsha.

Aliita: mama, mama,
usiku umesimama,
nami mlangoni wima
nikaitika: mwanangu.

Aliyenifafanulia maneno hayo alikuwa Somoe, rafiki yangu wa chumba cha tatu, aliyenizidi umri kidogo na maneno mengi. Tulikuwa tumejibanza nyuma ya pipa la maji, tunamchungulia.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

"Nini?"

"Mtoto anaita mama. Yeye anaitika."

"Sasa?"

"Sasa ana mtoto yule?"

Nikafikiri. Nesi Felista hakuwa na mtoto.

"Hujui kitu wewe, mtu wa Mandawa," Somoe akasema kwa huruma. "Zimwi hufanyaje? Mtoto akipotea porini akaita mama, nani humwitikia kwanza?"

Nilijua. Watoto wote wa kwetu tulijua. Bibi yangu alikuwa ameisimulia hadithi ile mara nyingi tukimenya karanga: zimwi haliji na meno nje, linakuja na sauti ya mama. Mtoto anaita, linaitika, "Nipo, mwanangu," na mtoto anaifuata sauti mpaka mahali ambapo hata nyayo zake hazionekani tena.

"Lakini huyu ni nesi," nikasema. "Anatibu watu."

"Walioingia kule hospitali wakatoka kwa miguu yao umewahesabu?" akauliza Somoe.

Sikuwa nimewahesabu. Tangu siku hiyo watoto wa laini yetu tuliacha kuita mama tukiwa nje. Ukiumia, unakimbia mpaka ndani, unafunga mlango, ndipo unalia. Ukiwa na njaa unasimama mlangoni mwa jiko na kutazama sufuria. Mama yangu alianza kukasirika.

"Siku hizi unanijia kama paka," alisema, ameshika mwiko. "Nageuka nakukuta nyuma yangu. Ulimi wako umeupeleka wapi?"

Nilimtazama bila kujibu. Ningesemaje? Bomba lilikuwa pale nje, na mlango ulikuwa wazi.

Karibu na mavuno baba alipewa ruhusa, tukaenda Mandawa kumwona bibi, mama yake baba. Tulipanda lori mpaka Ruangwa, tukamalizia kwa miguu. Bibi alikuwa ameanza kupoteza macho. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda kote, anaona mwanga na vivuli tu. Tulimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Baba alitangulia kuingia. Alisimama mlangoni, jua likiwa nyuma yake, mzigo begani, na kabla hajapiga hodi bibi aliinua uso na kupiga ukelele.

"Kisamvu!"

Sijawahi kusikia jina likitamkwa hivyo. Lilitoka kama kitu kilichokuwa kimekwama kooni kwa muda mrefu. Baba alisimama pale pale. Mzigo ukamteleza. Mama, aliyekuwa nyuma yangu, alinivuta kwa bega akanirudisha uani.

"Ni mimi, mama," nilimsikia baba akisema, polepole. "Ni Hamisi."

Bibi aligeukia mafiga, akachochea moto. Nami nilipomuuliza mama Kisamvu ni nani, alinifunika mdomo kwa kiganja.

"Hilo ni jina la utoto. Kijana akitoka jandoni analiacha kule kule porini, linachomwa pamoja na kibanda. Halitamkwi tena. Ni aibu kulitamka, na ni balaa. Umesikia?"

Nilisikia. Na kwa kuwa bibi alilitamka akimtazama baba, na baba ndiye aliyeangusha mzigo, nilielewa nilivyoelewa: Kisamvu ni baba. Nililifungia jina lile ndani ya kichwa changu kama moto ndani ya kifuu, nikiogopa lisije likatoka bila kukusudia na kumuunguza. Niliona fahari pia, kidogo. Nilikuwa na siri ya baba. Duniani tulioijua tulikuwa wachache.

Tukarudi Nachingwea. Alasiri moja mama alinituma maji. Nesi Felista alikuwa bombani, povu limempanda mpaka kwenye viwiko, na kwa kuwa ndoo ilikuwa ikijaa taratibu sikuweza kukimbia. Nilisimama nimebana midomo. Akaimba ubeti ambao sikuwa nimewahi kuusikia.

Kisamvu kashika shuka,
midomo imekauka,
jogoo hajaamka,
kaaga mikono yangu.

Ndoo ilifurika. Maji yalinipita miguuni, ya baridi, nami sikuweza kusogea. Alikuwa nalo. Jina lililochomwa moto porini, jina ambalo hata mama aliogopa kulisikia, lilikuwa kinywani mwa mwanamke yule, analifua na kulikamua pamoja na gauni lake.

"Maji yanamwagika, mwanangu," Nesi Felista akasema.

Mwanangu! Niliiacha ndoo pale pale. Nilikimbia.

Nilimwambia Somoe tu. Alinitazama kama mtu anavyotazama nyumba yenye msiba. Halafu akasema, "Mwambie baba yako asiugue."

Lilikuwa shauri zuri, na nilijaribu kulifuata. Baba alipopiga chafya nilimletea maji. Alipolala mchana nilikaa karibu na kuangalia kama kifua kinapanda. Alinicheka, akanibandika jina la Karani wa Pumzi. Lakini mvua za kwanza zilipoanza, baba alirudi kutoka kazini siku moja akitetemeka mpaka meno yanagongana, akajifunika blanketi, na kesho yake homa ilikuwa imempanda kichwani. Alimwita mama kwa majina ya watu wengine. Wenzake walimbeba wakampeleka hospitali juu ya trela la trekta.

Nililia nikiwa ndani, mlango umefungwa, kwa sauti ndogo. Mama alidhani namlilia baba. Kweli nilimlilia, lakini pia nililia kwa sababu nilijua nani anamngojea kule.

Siku ya pili mama alipika uji, akanipa bakuli nibebe, yeye akabeba nguo safi. "Twende ukamwone. Akikuona atapata nguvu." Sikuwa na namna ya kukataa. Nilitembea nyuma yake nikishika bakuli kwa mikono miwili, na kadiri tulivyokaribia, harufu ya sabuni nyekundu ilizidi, mpaka ikawa kama kuta zenyewe zimejengwa kwa sabuni hiyo.

Ilikuwa mchana mweupe. Wadi ilikuwa ndefu, vyandarua vimefungwa mafundo juu ya vitanda kama mawingu yaliyoshikwa. Baba alikuwa kitanda cha karibu na dirisha. Nilimtazama, nikakumbatia bakuli kifuani, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona picha ile kabla ya kuiona. Alikuwa amekamata shuka kwa vidole vyote. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

Kashika shuka. Midomo imekauka.

Mama aliinama, akamwita kwa upole, "Baba mtoto. Hamisi." Hakugeuka. Macho yake yalikuwa juu ya dari, yanafuata kitu. Halafu akafumbua kinywa, yeye mtu mzima, dereva wa trekta, aliyeng'oa miti, akaita kwa sauti ya mtoto:

"Mama! Mama!"

Mama yake alikuwa Mandawa, jikoni, haoni. Nilisikia hatua. Nikageuza kichwa. Nesi Felista alikuwa mlangoni, amesimama wima, mweupe kuanzia kichwani mpaka magotini. Hakusogea mara moja. Alishika mwimo wa mlango, kama anayejizuia kuanguka au kuruka. Kisha akaja, akapita mbele yangu, akaweka kiganja kwenye paji la baba.

"Nipo," alisema. "Nipo, mwanangu."

Ubeti wote ulikuwa umetimia, umebaki mstari wa jogoo na wa kuaga. Nilidondosha bakuli. Uji ulirukia gauni lake jeupe, nami nilikuwa nimeshaling'ang'ania gauni hilo, nalivuta, napiga kelele kwa mdomo nilioufunga miezi yote ile.

"Usimwitike! Siyo mwanao! Kisamvu siyo wako! Baba, usiende, siyo mama huyo!"

Wagonjwa waliinua vichwa. Mama alinikamata kiunoni kwa aibu. "Mtoto wewe! Hilo jina umelitoa wapi?"

"Analiimba yeye!" Nilimnyooshea kidole. "Analiimba bombani! Anamwimba baba afe!"

Nesi Felista hakukasirika. Uji ulikuwa unamtiririka kwenye gauni na hakuufuta. Alimtazama mama yangu, na uso wake ulikuwa umefifia rangi.

"Huyu ndiye Kisamvu?" akauliza.

"Siye," mama akasema. Aligeuza uso pembeni, kwa maana ni shida kwa mke kutamka mambo ya shemeji yake. "Ni mdogo wake. Selemani. Alichukuliwa vitani, wenzake walirudi kutoka Bama, ng'ambo ya bahari, yeye hatukumwona. Mkwe wangu alipomwona huyu mlangoni, kwa macho yale, alidhani ndiye anarudi." Kisha akaniinamia, sauti yake imebadilika. "Baba yako siye Kisamvu, mwanangu. Kumbe muda wote huu ulikuwa unadhani ndiye?"

Nilikuwa namtazama Nesi Felista, aliyekuwa anakaa chini. Hakutafuta kiti. Alikaa sakafuni pale pale, juu ya uji, kama mzigo uliokatika kamba.

"Mama yake yu hai?" akauliza.

"Yu hai. Yuko Mandawa."

"Ee Mungu," akasema. Nikaona kitu ambacho sikujua kwamba kipo. Nesi Felista alikuwa anaogopa. Aliogopa kama nilivyoogopa mimi bombani, midomo imebanwa, macho yamekaa mlangoni, kama vile mwenye jina lile angeingia wakati wowote.

Baba hakuaga. Homa ilikaa naye siku kadhaa, ikamkondesha, ikachoka, ikaondoka. Nesi Felista alimpa kwinini na kumgeuza na kumlisha, na alipoita mama, aliitika. Mimi nilikuwa nikienda kila siku, nakaa chini ya dirisha nje, nasikiliza. Nilikuwa bado naogopa, lakini sasa sikujua naogopa nini. Hofu iliyopoteza mwenyewe haiondoki. Inazunguka tu, kama mbwa aliyeachwa na wenyewe waliohama.

Bibi alikuja kabla baba hajapata nguvu ya kutembea vizuri. Habari za ugonjwa zilikuwa zimemfikia, akapakiwa kwenye lori kati ya magunia ya ufuta. Mama alimwambia habari nyingine, ile ya jina, wakiwa wawili jikoni. Sikusikia bibi alisema nini.

Nesi Felista alikuja alasiri. Hakuwa kazini, lakini alikuwa amevaa gauni jeupe, limepigwa pasi. Bibi alikuwa kwenye mkeka nje ya chumba chetu. Baba alikaa kizingitini amejifunika blanketi. Bibi alizoea Kimwera, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku hiyo alikisema mwenyewe, hakutaka mtu wa kumsaidia.

"Sogea," alimwambia Nesi. "Unanuka hospitali."

"Ndiyo, bibi."

"Mwanangu ulimwona?"

"Nilimwona mtu aliyejiita jina hilo. Sijui kama ni wako, bibi. Nilikuwa hospitali ya askari kule pwani, meli zinawaleta. Juu ya kila kitanda palikuwa na kibao chenye jina la jeshini. Nikiita majina hayo, wakiwa wamezidiwa, hawageuki. Walikuwa wamerudi kwenye majina yao ya utoto. Nilijua hayatamkwi, hata kwetu hayatamkwi. Lakini ndiyo waliyonipa."

"Mguu wake wa kulia," bibi akasema. "Hapa, chini ya goti. Alikuwa na kovu la jembe."

Nesi Felista alitazama mikono yake. "Mguu huo haukuwapo, bibi."

Mama alijifunika uso kwa khanga. Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima nafaka kwa mkono.

"Alisema nini?"

"Alisema, mama, nguruwe wameingia kwenye muhogo."

Bibi akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikatushtua sote. Baba akakohoa. "Mama," akasema, "kila kijana wa kwetu aliyelala dunguni kulinda shamba huota nguruwe. Anaweza kuwa mtoto wa mtu yeyote."

"Nyamaza, Hamisi. Wewe dunguni ulikuwa unalala kama gogo, nguruwe wanakula mpaka wanashiba. Mwenzio ndiye aliyekuwa anaita."

Nilimwona baba anajipangusa macho kwa pindo la blanketi.

Nesi Felista alipiga magoti. "Bibi, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Alikuwa anaita mama. Wote walikuwa wanaita mama. Nilikuwa msichana, sijazaa, sijui kitu. Wakianza kuita, miguu yangu inakufa. Nasimama mlangoni, siwezi kuingia wala kukimbia. Mpaka siku moja nikaitika. Nikasema ni mimi. Wakatulia. Basi nikawa naitika kila anayeita, watoto wa watu, mama zao wapo mashambani hawajui kitu, mimi nawachukulia mwito wao wa mwisho. Tangu hapo sijapumzika. Nikiyaimba majina yao, yanakaa kwenye mistari. Nikinyamaza, yanatembea." Na kwa sauti ile ya chini, pasipo bomba wala povu, akasema ubeti ambao kumbe ndio mwisho wa shairi:

Enyi mama wa shambani,
msiniweke moyoni.
Niliitika kwa nini?
Hamkuwapo, wenzangu.

Kule mbali trekta lilikuwa linaburuta mnyororo. Nilitamani bibi aseme neno lolote, hata la ukali.

"Uliitikaje?" bibi akauliza hatimaye.

"Nilisema: Nipo, mwanangu."

Bibi akatikisa kichwa. "Mimi sikuwa naitika hivyo. Hiyo mwanangu, mwanangu, ni ya watu wa kwenye hadithi. Mimi akiniita nilikuwa nasema: Nipo jikoni. Kila siku nipo jikoni, ningekuwa wapi tena?"

Uso wa Nesi Felista ulianguka. "Basi alijua," alisema. "Alijua kwamba mimi si wewe."

Nilibana midomo. Niliona kwamba hapa ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote, pabaya kuliko bombani, pabaya kuliko wadini. Bibi alinyoosha mkono mbele, anatafuta hewani, mpaka akaupata mkono wa Nesi. Akaupapasa, kidole baada ya kidole, na kiganja kigumu cha sabuni na maji ya moto.

"Alikushika huu?"

"Huo, bibi. Mpaka mwisho."

"Basi alijua," bibi akasema, "na akaushika hivyo hivyo."

Nesi Felista alilia. Alilia kwa kelele, kama sisi watoto tulivyokuwa tukilia zamani, kabla hatujafundishana kufunga mlango. Bibi hakumbembeleza. Aliendelea tu kuushika mkono, ameinua uso wake usioona, kama mtu anayesikiliza kitu kilichobebwa humo.

Wakafanya dua. Bibi ambaye miaka yote alikataa asisomewe mtu asiyejulikana kama amekufa, alikubali. Katika dua walisema Selemani. Lakini nilimsikia bibi, chini ya pumzi, akiongeza lile jina jingine, na hakuna aliyemkanya.

Bibi alipokwisha kurudi Mandawa, Nesi Felista alikaa siku nyingi bila kuimba. Watoto tulidhani amesahau. Kisha, alasiri moja, nikiwa narudi na kuni za mama kichwani, niliisikia sauti bombani, na harufu ya sabuni nyekundu ikanifikia. Nilisimama. Ulikuwa ubeti ule ule wa kwanza, isipokuwa mwishoni.

Aliita: mama, mama,
usiku umesimama,
nami mlangoni wima:
Nipo jikoni, mwanangu.

Neno lake la mwanangu alilibakiza. Nadhani hakuweza kuliacha, au alijua bibi asingejali.

Hofu haikuwa imeniisha. Ilikuwa pale pale, kifuani, imekaa kama kawaida yake. Lakini kuni zilikuwa nzito, na sikuwa nimeita kwa muda mrefu mno. Nikafumbua kinywa pale nje, kwenye uwanja mwekundu, watu wote wakisikia.

"Mama!"

Ziliitika sauti mbili. Moja ilitoka jikoni kwetu, ya mtu aliyekuwa kweli jikoni, imejaa moshi na kero: "Nini tena?" Nyingine ilitoka bombani, kwa mwanamke aliyesimama na povu mpaka kwenye viwiko, mbali na jiko lolote.

"Nipo jikoni!" ilisema.

Nilibaki katikati, kuni kichwani. Sikukimbia.